Kuunda mtumbwi wa plaiwudi, epoksi na faiba nyumbani Mombasa

Mtumbwi unaoelezwa hapa una urefu wa mita 4.7, upana wa sentimita 80 juu na 59 chini, na kina cha sentimita 28 katikati. Sakafu yake ni bapa, mbavu zimelala nje kidogo, na omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) zimechongoka sawa. Ukiundwa kwa plaiwudi nyepesi hutoka na kilo 32 hadi 38, mzigo ambao watu wawili huubeba mpaka ufukoni bila taabu. Ukiingia watu wazima wawili na vitu vyao, jumla kilo 150 hivi, huzama sentimita 12 na kubakisha sentimita 16 juu ya maji. Kwa mkono wa bahari wa Tudor, Mtwapa au Port Reitz hiyo yatosha. Nje ya miamba wakati wa kusi, usiuthubutu.

Kazi ya useremala ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Anayejua kushika msumeno na randa atafika mwisho. Mitumbwi ya namna hii huharibika Mombasa kwa sababu mbili: vifaa visivyo vyenyewe, na hewa. Joto huivurugia epoksi muda wake, unyevu huiharibia uso wake, na chumvi huizuia kushika. Hayo tutayakalia zaidi kuliko mbao zenyewe.

Plaiwudi: pale wengi wanapopotea

Zinahitajika plaiwudi tatu za futi 8 kwa 4, unene wa milimita 6. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi na kuomba "marini bodi", mara nyingi utaletewa ule ubao wa kumwagia zege, wenye uso mweusi au kahawia unaoteleza. Usiuchukue. Gundi yake ya ndani huenda ikawa nzuri, lakini ule utando wa juu umewekwa makusudi ili kitu kisigande, na epoksi pia haitaganda. Kuukwangua wote ni kazi ya wiki, na chini yake utakuta mbao zenye mapengo.

Plaiwudi ya vyombo vya majini iliyokamilika hubeba alama ya kiwango cha Uingereza, BS 1088. Ya mti wa okume ndiyo nyepesi kabisa: ubao mmoja wa milimita 6 una kilo 9 hivi. Alama lakini hupigwa na yeyote mwenye muhuri, kwa hiyo jipimie mwenyewe. Omba kipande cha sentimita 10 kwa 10, kitie katika sufuria ya maji yanayochemka kwa saa nzima, kikaushe juani, kisha kichemshe tena. Tabaka zikiachana au zikivimba pembeni, rudisha. Tazama na kingo za ubao mzima: pengo lolote kati ya tabaka ni mfereji wa maji siku zijazo. Chagua wenye tabaka tano badala ya tatu, kwa sababu wa tatu hupinda vibaya na kuvunjika ghafla.

Rezini na kitambaa

Madukani kuna rezini za aina mbili na muuzaji hatakueleza tofauti usipouliza. Poliesta ndiyo ile yenye harufu kali, inayochanganywa na matone machache ya kichocheo. Ndiyo inayotumika kwa boti za faiba tupu na matangi. Ni ya bei nafuu, lakini haishiki mbao vizuri. Baada ya misimu michache hubanduka kama ganda, na maji hukaa katikati yake na ubao. Epoksi huja kwa makopo mawili, rezini na hadena, kwa kipimo maalumu: 2 kwa 1, 3 kwa 1 au 5 kwa 1 kulingana na mtengenezaji. Chukua epoksi, na hadena yake iwe ya polepole, ile inayoitwa ya nchi za joto. Hadena ya kasi kwa joto la Mombasa itakugandia kikombeni kabla hujashika brashi.

Kitambaa nacho kina mtego wake. Ile faiba ya nyuzi zilizotawanywa ovyo na kubandikwa pamoja ni ya poliesta. Gundi inayoshikilia nyuzi zake huyeyuka ndani ya poliesta tu. Ukiipaka epoksi hubaki ngumu, nyeupe, na haitakaa konani. Omba iliyofumwa, ya gramu 200 kwa mita mraba.

Vya kununua:

– epoksi kilo 8 pamoja na hadena yake (saba ndizo za kazi, moja ni ya kumwagika na kubaki vikombeni)
– kitambaa cha faiba kilichofumwa, gramu 200, upana wa mita 1, urefu wa mita 15
– utepe wa faiba wa upana wa sentimita 10, mita 22
– unga laini wa mbao, lita 4 hivi, na silika (unga mwepesi wa kukolezea epoksi) lita 2
– waya wa umeme wa 1.5, wenye uzi mmoja wa shaba, mita 20, uuchune plastiki
– fito za mkangazi au saipresi zisizo na vifundo: mbili za milimita 20 kwa 35 na mbili za 15 kwa 35, zote za mita 4.9
– ubao wa 20 kwa 80, mita 1, na mbao nyepesi za viti
– skrubu za stenlesi za milimita 40, dazeni mbili
– msasa namba 80, 120 na 220, glavu za naitraili boksi moja, barakoa za vumbi, rola za sponji, vipangusio vya plastiki, vikombe na mizani ya jikoni ya gramu

Mvule na msaji ni mbao nzuri kwa ukingo, lakini zina mafuta. Ukizitumia, futa sehemu ya kugundishwa kwa asetoni kabla tu ya kupaka. Na ikiwa jirani yako anapaka sifa, yale mafuta ya papa, kwenye mashua yake, hamishia kazi yako mbali. Tone moja la mafuta ya papa kwenye plaiwudi laweza kuinyima epoksi pahali pa kushika.

Pahali, majira na saa

Banda la makuti lenye upepo ni zuri, ila tandika turubai chini ya makuti, la sivyo vumbi na vijiti vitadondokea rezini mbichi. Bati bila dari lina kasoro mbili: mchana huwa tanuri, alfajiri hudondosha matone ya umande. Nafasi iwe mita 6 kwa 2.5 angalau, na vitegemeo viwili imara vya kimo cha kiuno.

Majira bora ni ya kaskazi, hasa Januari na Februari, mvua zikiwa chache kabisa. Masika, kuanzia Aprili, kata mbao na uandae, lakini kazi ya kupaka iahirishe.

Sasa saa. Mbao zina hewa ndani ya vitundu vyake. Asubuhi joto linapopanda hewa hiyo hutanuka na kutoka, na ukiwa umepaka epoksi muda huo utaamka na uso uliojaa mapovu madogo. Joto linaposhuka, mbao huvuta ndani badala ya kupumua nje, na epoksi huzama. Kwa hiyo upakaji wote wa kwanza juu ya mbao tupu uanze saa tisa alasiri au saa kumi, kifaa kikiwa kimekaa kivulini tangu asubuhi. Wakati huohuo kumbuka kwamba usiku unyevu hupanda. Epoksi ikikutana na unyevu kabla haijaganda huota utando wa nta, unaonata na kuteleza ukiugusa. Utando huo hauonekani vizuri, na chochote utakachopaka juu yake kitabanduka.

Dawa yake ni maji. Baada ya siku mbili osha uso wote kwa maji ya bomba au ya mvua na sponji ngumu ya kijani ya kuoshea vyombo, kausha kwa kitambaa safi, ndipo upige msasa. Ukipiga msasa kabla ya kuosha unaisukuma nta ndani. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za kisiwani huyatumia kwa kufulia, usiyaguse kwa kazi hii. Wala usitumie chuma cha kusugulia sufuria: vipande vyake hubaki ndani na kutoa kutu chini ya rangi.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu zaidi kuliko hatua nyingine yoyote. Soma kopo uone kama kipimo ni cha ujazo au cha uzito, maana si kimoja. Usiongeze hadena ukidhani itaharakisha. Epoksi si poliesta, na kiasi kilichozidi hubaki laini milele. Changanya gramu 150 hadi 200 kwa mara moja, koroga dakika mbili nzima ukikwangua kuta na chini ya kikombe, kisha mwaga papo hapo kwenye sinia bapa. Ndani ya kikombe joto lake hujikusanya. Kadiri linavyopanda ndivyo inavyoganda haraka, mpaka kikombe kinafuka moshi na kuyeyuka. Likitokea hilo, kiweke nje juu ya mchanga na usikivutie pumzi.

Vaa glavu kila mara. Epoksi mbichi huzoesha mwili mzio taratibu, na ukishaupata hautoki. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji, kamwe usitumie thina wala asetoni kwa ngozi, kwani huiingiza ndani. Siki husafisha vifaa. Vumbi la epoksi ambayo haijakomaa ni baya zaidi, basi msasa ungoje siku mbili, na barakoa iwe usoni.

Kukata na kuunganisha

Plaiwudi mbili zichane kwa urefu, kila moja itoe vipande viwili vya milimita 370. Masalio ya milimita 480 yaweke: ni viambaza, yaani kuta za kutenga vyumba vya hewa nchani, na vifuniko vyake. Plaiwudi ya tatu igawanye katikati, vipande viwili vya 610 kasoro unene wa msumeno. Hiyo ni sakafu.

Vipande vya urefu wa mita 2.44 huunganishwa viwili viwili kwa kiungo cha mshazari wa milimita 50, upate mbao za mita 4.83. Panga vipande vinne juu ya meza, kila kimoja kikirudi nyuma ya cha chini yake kwa milimita 50, vibane, kisha piga randa ngazi yote iwe mteremko mmoja. Mistari ya tabaka ndiyo mwalimu wako: ikiwa imenyooka na kulingana, mshazari ni sawa, ikipinda, umekata zaidi upande mmoja. Paka nyuso zote mbili epoksi tupu, subiri dakika 15 zinywe, paka tena pale palipokauka, halafu tia epoksi iliyokolezwa silika. Usipoanza na ile tupu, mbao zitafyonza gundi na kiungo kitabaki kikavu. Tandika nailoni chini na juu, nyoosha kwa uzi, weka mawe au matofali. Usibane kupita kiasi ukakamua gundi yote. Acha siku mbili kabla ya kupinda.

Wengine huunganisha kwa kiraka cha plaiwudi upande wa ndani. Hushika, lakini ubavu ukipindwa pale katikati hukataa kupinda na mtumbwi hupata bapa la aibu. Mshazari wafaa zaidi.

Mbavu mbili zibane pamoja ili zitoke mapacha. Ukingo wa juu ni mstari ulionyooka wa milimita 4800. Weka alama ya katikati. Kwa ukingo wa chini, pima kutoka ukingo wa juu kwenda chini: katikati 300, umbali wa 700 kila upande, 307, umbali wa 1400, 327, umbali wa 2100, 360. Pinda ufito mwembamba upite alama zote, chora. Ncha ni mstari ulionyooka kutoka mwisho wa ukingo wa juu hadi ile alama ya 2100 ya chini. Mbona katikati pembamba kuliko mwisho? Ubavu uliolala nje ukipindwa, ncha zake huinuka zenyewe. Bila kuukata hivyo, sakafu ingeinuka zaidi ya sentimita 10 kila upande na mtumbwi ungezunguka majini kama pia. Kwa vipimo hivi huinuka sentimita 5 hivi, na hizo zinafaa kupinda kona za mikokoni.

Kushona

Pwani hii ilishona vyombo kwa karne nyingi. Mtepe, mbao zake zikishikwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja, ulisafiri baharini. Tofauti ni kwamba hapa waya ni wa muda tu.

Toboa vitundu vya milimita 2, milimita 10 kutoka ukingoni: kila sentimita 7 kwenye ncha, kila sentimita 15 kando ya chini. Shona ncha mbili za mbavu, waya usokotwe nje. Sasa tengeneza kalibu ya kati kwa ubao wowote: chini milimita 578, juu 784, kimo 282, na mstari wa katikati umechorwa. Mtu mmoja afungue mbavu, mwingine aisimamishe kalibu kwenye alama za katikati. Umbo la mtumbwi litatokea papo hapo.

Hapa usiharakishe, kwa maana kilichopinda sasa kitapinda daima. Vuta uzi kutoka ncha ya omo hadi ya tezi, ning'iniza timazi, uone kama wagusa mstari wa katikati wa kalibu. Pima kutoka ncha ya omo hadi pembe mbili za juu za kalibu. Tofauti isizidi milimita 3. Kisha laza fito mbili zilizonyooka juu ya ukingo, moja mbele moja nyuma, simama mbali na uzitazame kwa jicho moja. Zikilingana, hakuna msokoto. Zisipolingana, inua kitegemeo upande ulioshuka, pima upya.

Pindua. Kingo za chini za mbavu zipige randa mpaka ufito uliolazwa kwa upana ukae bapa juu ya zote mbili. Laza ubao wa sakafu, chora kwa penseli kufuata mbavu, kata milimita 3 nje ya mstari, kisha shona. Kaza waya kwa plaisi taratibu, ukizunguka, badala ya kumaliza upande mmoja kwanza.

Rudisha wima. Kata violezo vya kadibodi vya viambaza viwili, kila kimoja sentimita 60 kutoka ncha, uvihamishie kwenye plaiwudi. Usitegemee vipimo vya mtu mwingine kwa viambaza. Kila mtumbwi hutofautiana kidogo.

Kujaza kona

Weka vidonge vya epoksi iliyokolezwa katikati ya mishono, kama sentimita 5 kila kimoja, bila kugusa waya. Kesho yake kata waya na uzivute. Uliogandia uguse kwa pasi ya kulehemu sekunde chache, utatoka.

Ndipo kona zote za ndani zijazwe. Changanya epoksi, paka tupu kwanza kwenye mbao, kisha koleza iliyobaki kwa unga wa mbao sehemu tatu na silika sehemu moja, mpaka isidondoke ukigeuza kijiti. Ikiwa nyepesi itateremka ukutani usiku. Ikiwa kavu mno itapasuka. Ipitishe kwa kijiko cha mbao au kisahani cha kipenyo cha sentimita 4, upate mviringo ulio sawa. Hanamu mbili za ncha, pale mbavu zinapokutana, zijaze nene zaidi, sentimita 4 hadi 5, kwa sababu ndizo zinazopiga mawe na ngazi za gati. Kijazio kikiwa bado kibichi, laza utepe wa faiba juu yake na uulowanishe kwa brashi. Kazi mbili zikigandana pamoja huokoa siku nzima ya msasa.

Tandika pia faiba moja juu ya sakafu ya ndani, kisha paka mbavu za ndani mara mbili. Ndani ya vile vyumba vya mwisho paka mara tatu, maana hutavifikia tena. Kila kimoja huchukua lita 20 hivi za hewa. Kabla ya kukifunika kijaze chupa za soda za plastiki zilizokazwa vifuniko, ili hata kikitoboka mtumbwi usizame. Weka kizibo cha kutolea maji kwenye kila kiambaza.

Faiba ya nje

Pindua tena. Kona za nje ziviringishe kwa randa na msasa, nusukipenyo cha milimita 6 angalau. Faiba haikubali pembe kali, huinuka na kuacha pengo la hewa. Paka koti moja la epoksi tupu alasiri. Baada ya siku mbili osha, kausha, piga msasa namba 120, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha kikauke.

Utepe kwanza, konani na kwenye hanamu. Kisha kitambaa cha mbavu, halafu cha sakafu kikishuka sentimita 10 juu ya kila ubavu, ili kona ziwe na tabaka tatu. Laza kitambaa kikavu, kinyooshe kwa mkono safi, anza kumwaga rezini kutoka katikati na kuisogeza kwa kipangusio kuelekea ncha. Mita mraba moja inywe gramu 200 hadi 250. Kikiwa kimekunywa sawa huwa wazi, mfumo wake bado waonekana, uso ukiwa na mng'ao hafifu. Madoa meupe ni ukame: ongeza. Kinachong'aa kama maji kimezidi, na kitambaa kinaelea: pangusa. Tumia watu wawili, mmoja kuchanganya na mmoja kupaka, maana mikono ya aliyepaka haifai kushika mizani.

Baada ya saa tatu au nne, ikiwa bado inanata lakini haiachi rezini kidoleni, paka koti jembamba la kujaza mfumo, na la pili baadaye usiku huohuo ukiweza. Hapo huhitaji kuosha wala msasa, kwani koti hushikana na la chini kabla utando haujaota. Taa iweke mbali na kazi. Wadudu wa usiku huvutwa na mwanga na kuishia ndani ya rezini. Kingo zilizoning'inia zikate kwa wembe epoksi ikiwa imekuwa kama ngozi, saa tano au sita baada ya kupaka. Ukingoja kesho utahitaji grainda.

Kasoro zitakazojitokeza zina sababu zake. Doa laini lisilokauka baada ya siku tatu ni kipimo kibaya au kikombe kisichokorogwa: kwangua lote, futa kwa asetoni, paka upya, kulifunika ni kulificha tu. Ukungu wa maziwa ni unyevu. Puto la hewa chini ya kitambaa lipasue kwa kisu, msasa, kiraka.

Ukingo, viti, rangi

Toa kalibu baada tu ya ukingo kushika, kwa sababu bila hiyo mbavu hujirudi ndani. Ufito mnene nje, mwembamba ndani, gundi nzito katikati, na kibanio kila sentimita 15. Vibanio vyenyewe si lazima ununue: kata bomba la PVC la inchi 4 vipande vya upana wa sentimita 3, pasua kila pete upande mmoja, zitabana vya kutosha. Ubao wa kukingama wa 20 kwa 80 uingie katikati, skrubu mbili kila mwisho. Viti viwili, vimo visizidi sentimita 18 kutoka sakafuni. Kila sentimita unayoongeza hupunguza utulivu. Mkuku mdogo wa 25 kwa 25, urefu wa mita 1.5, gundisha chini upande wa tezi ili mtumbwi usiyumbeyumbe na upepo.

Epoksi huchomwa na jua. Ikiachwa wazi, huanza kugeuka manjano na kuwa chokaa katika miezi michache, kisha faiba hujitokeza. Ngoja wiki, osha mara ya mwisho, msasa 120 kisha 220, praima ya epoksi, koti mbili za rangi ya poliyurethani ya makopo mawili. Rangi iwe nyeupe au hafifu. Mtumbwi mweusi ulioachwa juani mchana wa Februari hupata joto la kuilegeza epoksi yenyewe, na kona zitaanza kusogea. Sakafuni mwagia mchanga laini uliooshwa kwa maji matamu juu ya koti bichi, miguu isiteleze.

Kafi la sentimita 145 hadi 150 lafaa watu wengi.

Majini

Mara ya kwanza ushuke siku ya maji mafu, maji yakiwa kimya. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita mita 3, na mkondo mlangoni mwa mikono ya bahari hushinda makafi mawili. Njia ya feri Likoni na ya meli Kilindini ziepuke kabisa. Meli kubwa haiwezi kukukwepa. Jaketi za kuokolea maisha zivaliwe, zisikaliwe. Ukitaka kubeba abiria kwa malipo, nenda kwanza ofisi za Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, kwa ukaguzi na leseni.

Ukirudi, usuuze kwa maji matamu na uuweke kifudifudi kivulini, juu ya vitegemeo, vizibo vya viambaza vikiwa wazi. Kila mwezi pitisha kidole kwenye kona za chini na hanamu. Ukikuta mkwaruzo uliofika kwenye mbao, usipake siku hiyo: kausha siku kadhaa hadi mbao zirudi rangi yake, msasa sentimita 5 kuzunguka, epoksi, kipande cha faiba, kisha rangi.